Michael Faraday

Michael Faraday (22 Septemba 1791 – 25 Agosti 1867) alikuwa mwanafizikia na mwanakemia kutoka nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa kugundua jinsi sumaku inavyoweza kuzalisha umeme, ugunduzi ulio msingi wa jenereta na transfoma zinazotumika duniani kote hadi leo. Anakumbukwa pia kama mwalimu: kati ya miaka 1827 na 1860 alitoa mara 19 mfululizo wa mihadhara ya sayansi kwa watoto na vijana mjini London, akiwaonyesha kwa majaribio jinsi joto, mwanga, umeme na mwendo vinavyohusiana.

Utoto na elimu

Faraday alizaliwa Newington, mahali ambapo leo ni sehemu ya jiji la London. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyeugua mara kwa mara na kushindwa kufanya kazi, hivyo familia iliishi kwa shida. Shuleni Michael alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Hakwenda chuo kikuu, na hisabati ya juu hakuijua maisha yake yote.

Akiwa na umri wa miaka 14 alipelekwa kwa George Riebau, muuza vitabu na fundi wa kujalidi, ili ajifunze kazi hiyo kwa miaka 7. Vitabu vilivyoletwa kujalidiwa alivisoma. Vilivyomgusa zaidi vilikuwa makala kuhusu umeme katika Encyclopaedia Britannica na kitabu cha kemia cha Jane Marcet, kilichoandikwa kama mazungumzo kati ya mwalimu na wasichana wawili. Kwa senti chache alizokuwa nazo alinunua vifaa, akarudia mwenyewe majaribio aliyoyasoma.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kumsikiliza mwanakemia Humphry Davy katika taasisi ya Royal Institution. Faraday aliandika kwa makini yote aliyoyasikia, akayajalidi kuwa kitabu na kumpelekea Davy pamoja na ombi la kazi. Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara.

Mwaka huohuo alimfuata Davy katika safari ya Ulaya iliyodumu hadi 1815. Alikutana na wataalamu wakubwa, lakini alilazimika pia kufanya kazi za mtumishi, na mke wa Davy hakumhesabu kuwa zaidi ya hapo. Alivunjika moyo kiasi cha kufikiria kurudi nyumbani na kuachana na sayansi. Hata hivyo alivumilia.

Ugunduzi

Mwaka 1821 Faraday alimwoa Sarah Barnard. Hawakujaliwa kupata watoto. Mwaka huo alionyesha kwamba waya unaopitisha umeme unaweza kuzunguka sumaku bila kukoma. Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza kuelekea mota ya umeme. Mwaka 1825 aligundua benzini, akateuliwa kuwa mkurugenzi wa maabara.

Tarehe 29 Agosti 1831 alizungushia pete ya chuma koili mbili za waya zisizogusana. Alipounganisha koili ya kwanza na betri, sindano ya sumaku iliyo karibu na waya wa koili ya pili ilitikisika, kisha ikatulia. Alipokata umeme, ilitikisika tena. Wiki chache baadaye aliingiza na kutoa sumaku ndani ya koili, akapata umeme bila betri yoyote. Sumaku ikiwa imetulia, umeme haukuwepo. Ulitokea pale tu sumaku ilipokuwa ikisogea. Kisha alizungusha kisahani cha shaba kati ya ncha za sumaku kubwa akapata mkondo usiokatika. Hiyo ndiyo jenereta ya kwanza.

Baada ya hapo alithibitisha kwamba umeme wa betri, wa msuguano, wa sumaku, wa joto na wa samaki wa umeme ni umeme uleule mmoja. Mwaka 1845 alionyesha kwamba sumaku huathiri hata mwanga. Kwa kuwa hakuwa na hisabati, alieleza mawazo yake kwa kuchora mistari ya nguvu kuizunguka sumaku. Baadaye James Clerk Maxwell aliyageuza mawazo hayo kuwa milinganyo ya hisabati.

Mihadhara kwa watoto

Mihadhara ya Krismasi ya Royal Institution ilianza mwaka 1825 wakati ambapo shule nyingi za Uingereza hazikufundisha sayansi. Faraday hakusoma tu maelezo mbele ya watoto. Kila jambo alilolisema alilifuatisha na jaribio walilolishuhudia, na aliwahimiza kulirudia nyumbani. Husimuliwa kwamba siku moja alirusha ndoo ya makaa na koleo kwenye sumaku kubwa ya umeme, vikanasa mbele ya macho yao. Mwaka 1855 hata watoto wa malkia waliletwa na baba yao kumsikiliza.

Katika msimu wa 1859–1860 alifundisha kuhusu mvutano wa dunia, joto, sumaku, umeme na uhusiano kati yake. Msimu uliofuata alitoa mihadhara sita kuhusu mshumaa mmoja tu. Alizima mshumaa na kuwasha moshi wake, moto ukarukia utambi. Hivyo watoto waliona kwamba kinachoungua ni mvuke wa nta. Aliweka chombo baridi juu ya mwali, yakajikusanya matone ya maji. Alipitisha hewa ya mshumaa katika maji ya chokaa, yakawa meupe kwa sababu ya hewa ya ukaa. Mwishowe aliulinganisha mshumaa na mwili wa binadamu: chakula nacho huungana polepole na oksijeni, kikatoa joto, na tunapumua hewa ileile ya ukaa. Mihadhara hiyo ilichapwa mwaka 1861 na kutafsiriwa katika lugha nyingi.

Mwaka 1862, akiwa mzee, alitoa ushahidi mbele ya tume ya serikali iliyochunguza shule, akitetea sayansi ifundishwe watoto wote shuleni.

Nguvu na nishati

Faraday alitumia neno nguvu kwa mambo mengi ambayo leo huitwa nishati. Maana ya sasa ya nishati ilienea katika miaka ya 1850, baada ya James Joule kupima kiasi cha kazi kinachotoa kiasi fulani cha joto. Wanafunzi wanaotumia Kiswahili hukutana na mkanganyiko huohuo, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku nguvu hutumika kwa yote mawili. Katika fizikia, nguvu husukuma au kuvuta, nayo hupimwa kwa niutoni. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi, nayo hupimwa kwa jouli. Nishati haiumbwi wala haipotei, bali hubadilika umbo.

Mfano wake unaonekana kusini mwa Tanzania. Gesi asilia iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982 huchomwa katika mitambo ya Mtwara: nishati ya kemikali huwa joto, joto huwa mwendo, na jenereta hugeuza mwendo kuwa umeme kwa njia ya Faraday. Taa inapowaka Masasi, Newala au Nanganga, umeme huwa mwanga na joto.

Hata pasipo na maabara somo hili hufundishika kwa dinamo ya baiskeli. Mwanafunzi anayeendesha huhisi pedali zikiwa nzito zaidi taa inapowaka, kwani mwanga huo unalipiwa na misuli yake, na misuli inalipiwa na ugali alioula. Majaribio ya mshumaa au koroboi nayo huwezekana darasani, mradi mwalimu asimamie moto.

Miaka ya mwisho

Faraday alikuwa muumini wa kanisa dogo la Wasandemani, na aliishi maisha ya kawaida. Alikataa cheo cha heshima cha Sir, na mara mbili alikataa kuwa rais wa Royal Society. Wakati wa Vita vya Krimea serikali ilimwomba ushauri kuhusu silaha za kemikali, naye akakataa kushiriki. Kumbukumbu zake zilififia kwa miaka mingi hadi akalazimika kuacha mihadhara. Alifariki Hampton Court, akazikwa katika makaburi ya Highgate, London.

Urithi

Kizio cha uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme, faradi, kimepewa jina lake. Mihadhara ya Krismasi inaendelea hadi leo, na tangu mwaka 1966 imekuwa ikionyeshwa kwenye televisheni.