Chai ya Kericho na Swali la Feynman

Sisi wa Pwani kahawa chungu hututosha, lakini juma hili safu naiandika nikiwa Kericho, ambako mashamba ya chai yaenda hadi Bomet. Ukitia maziwa baridi kwenye chai moto, mwisho wake wajulikana: kikombe hutulia, kikawa vuguvugu. Kazi ni kueleza yanayopita kabla hakijatulia. Richard Feynman aliitafutia kazi hiyo njia.

Alizaliwa New York tarehe 11 Mei 1918, na utotoni akitengeneza redio za watu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa Los Alamos kwenye kazi ya bomu la atomiki, huku mkewe Arline akiugua kifua kikuu. Arline alifariki Juni 1945, mwezi mmoja kabla ya bomu kujaribiwa. Mwaka 1965 Feynman alipata Nobel pamoja na Schwinger na Tomonaga.

Lakini mimi namuenzi kwa hotuba yake ya mwaka 1981 huko MIT, Marekani. Alieleza kwamba kompyuta za kawaida zitashindwa kuiga chembe ndogo za maumbile, kwani kila ukiongeza chembe moja hesabu huongezeka maradufu. Chembe 50 tu zataka namba zinazopita bilioni moja mara milioni moja. Dawa, alisema, ni mashine inayofuata sheria zile zile za chembe. Ndizo leo twaziita kompyuta za kwanta.

Alifariki tarehe 15 Februari 1988, mashine hizo hazijawa kitu. Sasa zipo, ingawa bado changa na hukosea, na watafiti wazitumia kuiga chembe zinavyogongana kabla ya kutulia.

Ndugu msomaji, usidhani haya ni ya Wazungu pekee. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba, Tanganyika, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Alipouliza sababu, alichekwa. Mwaka 1969 alichapisha utafiti huo pamoja na Denis Osborne, mhadhiri wa Dar es Salaam. Na mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, waliona jambo la aina hiyo ndani ya mashine ya kwanta, wakaliita kwa jina la Mpemba.

Basi walimu wetu, wa Pwani na wa huku bara, mtoto akiuliza swali la ajabu msimcheke. Mpimeni kwa jaribio.