HAROLD SKEELS, RAFIKI WA WATOTO WALIODHARAULIWA



Mara hii tunasimulia maisha ya Harold Skeels, aliyezaliwa katika Amerika mwaka wa 1901. Kazi yake ilikuwa kupima akili ya watoto yatima katika jimbo la Iowa. Wakati ule wataalamu wengi walishika kwamba akili inatoka kwa wazazi waliokuzaa tu, na haibadiliki.

Katika nyumba ya yatima aliona wasichana wawili, hawajafikisha hata miaka miwili. Hawakucheka, hawakucheza. Kipimo chao hakikufika 50, na mutoto wa kawaida iko na 100. Basi wakapelekwa kukaa pamoja na wanawake wenye akili pungufu. Kila mutu alifikiri: imekwisha. Kumbe wale wanawake wakawapenda, wakawabeba, wakawasemesha muchana kutwa. Nyuma ya miezi sita Skeels aliwakuta wachangamfu, kipimo kimepanda sana.

Akaomba ruhusa ya kupeleka wengine. Wote pamoja walikuwa 13. Kwa wastani walipanda alama 28. Wengine 12, waliobaki bila mutu wa kuwabeba, walishuka alama 26. Katika wale 13, 11 walipokelewa na jamaa kama watoto wao.

Wakubwa wa elimu, kama Lewis Terman, walimupinga kwa ukali. Vita ikakuja, akaingia jeshi, kazi ikasimama. Lakini hakuwasahau. Katika uzee aliwatafuta mumoja mumoja, na mwaka wa 1966 akatangaza: wale 13 wote wanajitegemea. Katika wale 12, mumoja alikuwa amekufa, na wanne walikuwa bado katika nyumba za serikali.

Skeels hakusema kwamba damu si kitu, hapana. Yeye na Marie Skodak walifuata watoto 100 waliopokelewa na jamaa zingine wangali wachanga. Mwaka wa 1949 walionyesha kwamba watoto wale, kwa wastani, walipita mama waliowazaa karibu alama 20. Lakini mara nyingi mutoto wa mama mwenye akili zaidi alipita wenzake. Basi vyote viwili vinafanya kazi, damu na malezi.

Mwaka wa 1968 Skeels alipewa zawadi. Aliyesimama kumupa alikuwa mumoja wa wale 13, mutu muzima mwenye diploma ya chuo kikuu. Skeels alikufa mwaka wa 1970.

Ndugu wa kilasi za juu, tusiite tena wadogo wetu vichwa vigumu. Tukae nao jioni, tuwafundishe.