Warren Johnson, mwalimu aliyeipa nyumba mlinzi wa joto

SISI tuliosomea ukimbizini, kwanza Uvira na baadaye kambi ya Mtabila kule Kasulu, tulifundishwa amri moja kabla ya kujua kusoma: ukitoka nyumbani, zima moto. Nyumba za kambini ziliezekwa kwa nyasi na mahema ya plastiki, na kaa moja lililosahauliwa mafigani lingeweza kumaliza mtaa mzima. Amri hiyo ndiyo iliyomponza kaka yangu, na ndiyo iliyonifanya nianze kumsoma Mmarekani mmoja, Warren Johnson, ambaye mafundi wa majumba makubwa wanamjua vizuri, lakini sisi walimu wenzake tumechelewa kumsikia.

Kaka yangu alichukuliwa Marekani mwaka 2007 pamoja na familia nyingine za wakimbizi wa 1972. Mimi nilirudi Burundi miaka miwili baadaye. Desemba 2013 alifunga nyumba yake, katika jimbo la kaskazini lenye theluji, akaja na mkewe na watoto kwa wiki tatu ili tukae pamoja juu ya suala la michikichi ya marehemu baba hapa Rumonge. Kabla ya kutoka alifanya kama mama alivyotulea. Alizima kila kitu, pamoja na mtambo wa kupasha nyumba joto. Aliona ni uungwana na tena ni kubana matumizi.

Anayeuza soda mpakani anajua kinachotokea chupa ikisahaulika ndani ya friza. Maji yakiganda huvimba kwa kiasi cha asilimia 9, na bomba, hata liwe la shaba, haliwezi kuyazuia. Mabomba yalipasuka ukutani. Waliporudi walikuta dari la sebule limelala juu ya viti na maji yamejaa mpaka chini ya ardhi. Kampuni ya bima ilikataa kulipa, kwa hoja kwamba mwenye nyumba aliiacha bila joto wakati wa baridi. Fedha alizokuwa ametenga kwa ajili ya kesi yetu ya shamba zikaenda kwa mafundi, na kesi ikalala.

Kitu ambacho kingemwokoa kilikuwa ukutani, karibu na mlango, kisanduku kidogo kiitwacho thamostati. Historia ya kisanduku hicho inaanzia darasani.

Warren Johnson alizaliwa Novemba 6, 1847 katika kijiji cha Leicester, jimbo la Vermont, na wazazi wake walihamia Wisconsin akiwa bado mtoto. Katika ujana wake alishika kazi nyingi. Alikuwa mpiga chapa, akawa mpima ardhi, akafundisha shule, akawa msimamizi wa shule. Mwaka 1876 akapata nafasi ya kufundisha sayansi katika chuo cha ualimu cha mji wa Whitewater, huko huko Wisconsin.

Wisconsin ni nchi ya baridi kali. Chuo kilipashwa joto na tanuru lililokuwa chini ya jengo, na hewa ya moto ilipanda madarasani kupitia vilango vya chuma. Lakini aliyeviongoza vilango hivyo alikuwa chini, na joto lilikuwa juu. Basi kila baada ya muda mtumishi wa chuo alipanda ngazi, akaingia darasani wakati somo linaendelea, akatazama kipimajoto, akateremka tena kufungua au kufunga. Alifanya hivyo darasa baada ya darasa, kutwa nzima. Mwalimu yeyote anayesoma hapa anaelewa. Mimi mwenyewe nikigongewa mlango mara mbili katika kipindi kimoja, wanafunzi wa nyuma siwapati tena.

Wengine wangelalamika kwa mkuu wa chuo. Johnson alitafuta dawa. Alitumia tabia ya vyuma ambayo sisi tuliisikia kila siku pale Uvira bila kuijua, mabati ya shule yalipokuwa yakilia saa sita mchana. Chuma kikipata joto hutanuka, na kila aina ya chuma hutanuka kwa kiasi chake. Ukiunganisha vipande vyembamba vya vyuma viwili tofauti, kimoja kitatanuka kuliko mwenzake, na vyote viwili vitapinda. Johnson alikiweka kipande cha namna hiyo darasani ili kikipinda kiguse waya na kuunga umeme, na kengele ilie kule chini kwa mtumishi. Mwaka 1883 alipewa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, kwa kifaa hicho. Mtumishi hakuhitaji tena kupanda ngazi.

Mwaka 1885 Johnson alianzisha kampuni katika mji wa Milwaukee, kwa msaada wa fedha za tajiri William Plankinton. Kazi kubwa zaidi ilikuja mwaka 1895, alipopata hataza ya mfumo unaotumia hewa iliyoshindiliwa. Sasa kengele haikuhitajika wala mtumishi. Hewa yenyewe ilisukuma vali, na kila chumba kikawa na joto lake. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipomaliza swali lililoanzia darasani kwake, ingawa ilimchukua zaidi ya miaka kumi.

Alikuwa mtu asiyetulia. Alipata hataza zaidi ya 50. Alitengeneza saa za minara, ikiwemo ya jengo la mji la Philadelphia, na kwa maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka 1904 akatengeneza saa ya maua ambayo uso wake ulikuwa na upana wa mita 34 hivi. Alijaribu simu ya upepo, na kijana Lee de Forest, aliyekuja kuwa mtu mkubwa katika historia ya redio, alimfanyia kazi kwa muda. Alitengeneza hata malori ya mvuke, yakabeba barua za posta. Kampuni haikuendelea na hayo yote. Johnson alifariki Desemba 1911 huko California akiwa na umri wa miaka 64, na waliomrithi wakaweka kando magari, wakarudi kwenye joto la majumba. Kampuni ingali hai, na tangu mwaka 1974 inaitwa Johnson Controls.

Sasa narudi kwa kaka. Siku hizi anaposafiri wakati wa baridi hazimi mtambo. Anaishusha thamostati hadi nyuzi 55 za huko Marekani, ambazo kwetu ni kama 13 za Selsiasi. Mtambo unaamka pale tu nyumba inapopoa chini ya hapo, unapasha kidogo, unalala tena. Kabla ya hapo anabadilisha chujio la hewa, anafunga koki kuu ya maji na kufungulia mabomba ili yaliyobaki yatoke, na milango ya makabati chini ya sinki anaiacha wazi ili joto lifike. Akisafiri kiangazi anaiacha nyumba kwenye nyuzi 85, yaani 29 za kwetu, kwa sababu kwake kuna unyevu, na kiyoyozi kikizimwa kabisa kuta huota ukungu.

Wafanyabiashara wenzangu wa Rumonge na Bujumbura wenye viyoyozi dukani wasiige neno kwa neno. Hapa hakuna maji ya kuganda, na adui yetu ni umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu. Ukienda kufuata mzigo Kigoma au Dubai, osha chujio, zibua mpira unaotoa maji nje ili usiache dimbwi la mbu, kisha kata kiyoyozi kwenye swichi kubwa, si kwa rimoti peke yake. Lakini dukani kwa dawa ambazo zisizidi nyuzi 25, usizime. Weka kidhibiti umeme, na umwachie mtu ufunguo aje asome kipimajoto.

Kaka naye ameacha ufunguo. Safari yake ya mwisho hapa, jirani yake, Mkongo wa Fizi, alikuwa akimtumia kwa simu picha ya kile kisanduku kila Jumapili, kikionyesha 55. Tulikuwa tukimwonyesha mama. Mama aliitazama, akauliza kama ina maana moto bado unawaka kule na hakuna mtu ndani. Tukamwambia ndiyo. Jumapili iliyofuata akauliza tena.