Kaggia na swali la Kandara

Niliposhuka basi Lodwar, joto lilinifanya nione Mombasa yetu ina baridi. Nikamkumbuka Bildad Kaggia. Huku ndiko wakoloni walikomleta mwaka 1959, yeye na Jomo Kenyatta na wenzao, baada ya kumaliza kifungo cha kesi ya Kapenguria kule Lokitaung.

Uhuru ulipokuja, Kaggia akawa mbunge wa Kandara na naibu waziri wa elimu. Mashamba ya wazungu yakaanza kuuzwa, na wakubwa serikalini wakajipatia makubwa. Kaggia alishikilia kwamba mnyonge aliyenyang'anywa ardhi asiuziwe, apewe bure. Mwaka 1964 akatoka serikalini. Mwaka uliofuata Kenyatta akamuumbua hadharani huko huko Kandara: waliofungwa naye wana nyumba na biashara, je, yeye amejifanyia nini?

Kwangu mimi, swali hilo ndilo lililoiharibu nchi hii. Tangu hapo cheo kikawa mtaji, na asiyekula akaonekana mjinga.

Kaggia alijiunga na KPU ya Oginga Odinga mwaka 1966, akapoteza kiti. Mwaka 1968 akafungwa tena, safari hii na serikali aliyoipigania. Alifariki 2005, na hakuacha utajiri wa kushindana na wenzake.

Sisi Wapwani, tunaoitwa maskwota kwenye ardhi ya babu zetu, tunaijua gharama ya swali lile. Uongozi ni amana, ndugu zangu. Mgombea akija kwetu na magari yake, tumuulize aliyapataje.