MTUMWA ALIYETAWALA WAFARANKI

Katika Bustani ya Luxembourg mjini Paris zimesimama sanamu za mawe za malkia na mabibi mashuhuri wa Ufaransa. Wengi wao walizaliwa katika nyumba za wakubwa, wakalelewa wakijua kwamba siku moja wataamrisha watu. Lakini mmoja wao aliingia nchi ile akiwa bidhaa. Aliuzwa kwa bei ndogo, akawekwa kuhudumia meza ya bwana wake, na baada ya miaka michache akawa ndiye mtawala wa watu wale wale waliomnunua. Jina lake ni Balthild. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za maisha yake, kwa sababu twaona kwamba ndani yake mna jambo la kufikiriwa na kila mtu alaye kwa jasho lake.

Balthild alizaliwa karibu na mwaka 630 miongoni mwa Waanglo-Saksoni wa Uingereza. Siku hizo Uingereza haikuwa dola moja, bali ilikuwa falme ndogo ndogo zilizopigana mara kwa mara, na mateka wa vita hivyo waliuzwa ng'ambo kama ng'ombe. Yafaa tulitie jambo hili moyoni. Nchi ambayo karne nyingi baadaye ilitawala bahari na mabara, wakati ule ilikuwa mahali pa kupatia watumwa. Basi mtu asidanganywe kwamba yako mataifa yaliyoumbwa kuwa mabwana na mengine yaliyoumbwa kuwa watumwa. Utumwa hufuata nguvu na biashara, wala haufuati damu.

Binti huyu alivushwa bahari akanunuliwa na Erchinoald, msimamizi mkuu wa nyumba ya mfalme wa Neustria, yaani sehemu ya magharibi ya ufalme wa Wafaranki. Kazi yake ilikuwa kumpa bwana wake kinywaji na kuwahudumia wazee wa nyumba ile. Habari za maisha yake, zilizoandikwa muda mfupi baada ya kufa kwake, zasimulia kwamba Erchinoald alipofiwa na mkewe alitaka kumwoa mjakazi huyu. Balthild hakukubali. Alijificha pembeni akajifunika matambara mpaka bwana yule alipokata tamaa akaoa mwanamke mwingine. Kwa sheria za wakati ule mjakazi hakuwa na haki ya kusema hapana, lakini yeye alipata njia ya kulisema neno hilo.

Karibu na mwaka 650 mfalme mwenyewe, Clovis wa Pili, alimwoa. Balthild akazaa wana watatu, na wote watatu, Chlothar, Childeric na Theuderic, walikuja kuwa wafalme. Hata katika maisha ya mumewe alianza kazi ya kuwasaidia maskini, akishirikiana na kasisi mmoja aitwaye Genesius, aliyegawa fedha na nguo kwa niaba yake. Mwaka 657 Clovis alikufa. Chlothar alikuwa mtoto mdogo wa miaka kama mitano, na hivyo mamlaka yakawa mikononi mwa mama yake, pamoja na maaskofu na wakubwa wachache wa baraza. Alishika mamlaka hayo miaka ipatayo saba au minane.

Na tuuulize sasa: mtumwa wa jana, alipopewa nguvu, alifanya nini?

Jambo la kwanza ni lile la kodi. Katika ufalme ule palikuwa na kodi ya kichwa, nayo iliwalemea watu maskini kiasi kwamba wazazi wengine walichagua kuwaacha watoto wao wafe kuliko kuwalea na kuongezewa deni. Balthild aliwakataza watu tendo hilo, lakini hakuishia katika kukataza tu. Aliiondoa ile kodi iliyowasukuma kulitenda. Hapa twaona akili ya mtu aliyewahi kuwa chini. Mtawala asiyejua shida angaliwahubiria maskini wawapende watoto wao, kisha angaliendelea kuwatoza. Yeye alijua kwamba dhambi ile mzizi wake ulikuwa katika daftari la mtoza kodi.

Jambo la pili ndilo lililompa sifa kubwa kuliko yote. Alikataza watu wa dini ya Kikristo wasiuzwe utumwani wala kupitishwa katika nchi ya Wafaranki kwenda kuuzwa ng'ambo. Tena alitoa fedha akakomboa mateka wengi, wanaume kwa wanawake, hasa wale wa kabila lake waliovushwa kama yeye alivyovushwa. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa soko la watumwa lilivyokuwa, wala thamani ya mkono unaofungua minyororo.

Hata hivyo, hatutakuwa waaminifu tukiishia kusifu. Amri ile iliwahusu Wakristo tu. Mtu asiye wa dini hiyo aliweza bado kuuzwa mchana kweupe. Wala utumwa wenyewe haukuondolewa. Mashamba ya wakubwa na ya makanisa yaliendelea kulimwa na watu wasio huru, na watumwa walibaki watumwa ndani ya nchi. Katika karne ya 10 mji wa Verdun, katika nchi zile zile zilizokuwa za Wafaranki, ulijulikana kwa biashara ya watumwa waliopelekwa Hispania. Malkia aliuziba mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi. Alikuwa na huruma ya kweli, na alikuwa na mamlaka, lakini hakuwa na watu waliojipanga nyuma yake kuilinda kazi aliyoianza. Alipoondoka yeye, waliobaki kitini walikuwa wale wale waliopata faida.

Jambo la tatu ni la dini na utawala. Wakati ule cheo cha uaskofu kiliweza kununuliwa kwa fedha, na askofu aliyenunua cheo alijilipa kwa mali ya waumini. Balthild alipiga marufuku biashara hiyo. Alijenga pia nyumba mbili kubwa za watawa, moja ya wanaume huko Corbie na moja ya wanawake huko Chelles, karibu na Paris, naye akazipa ardhi na uhuru. Katika nyumba ya Corbie, miaka zaidi ya mia moja baadaye, waandishi walitengeneza aina mojawapo ya kwanza kabisa ya zile herufi ndogo zilizo wazi na rahisi kusomeka, ambazo ndizo asili ya herufi ndogo zipigwazo chapa leo. Hata msomaji wa ukurasa huu, bila kujua, ana deni dogo kwa nyumba iliyojengwa na mjakazi yule.

Lakini wako waliomchukia. Mwanzoni mwa karne ya 8, kasisi mmoja wa Uingereza aitwaye Stephen aliandika kwamba malkia huyu aliwaua maaskofu tisa, akamfananisha na Yezebeli wa katika Biblia. Ni kweli kwamba Aunemund, askofu wa Lyon, aliuawa katika miaka ya utawala wake, na kiti chake akapewa Genesius, yule msaidizi wa malkia. Maaskofu wa siku zile hawakuwa watu wa sala tu. Walikuwa mabwana wa ardhi na wenye askari, na kugombana nao kulikuwa kugombana na dola nyingine ndani ya dola. Sisi hatumtakasi Balthild wala hatumhukumu. Twasema tu kwamba aliyevunja biashara ya vyeo na kupunguza mali ya wakubwa asingaliweza kukosa adui, na kwamba yeye naye alitawala kwa silaha za wakati wake.

Mwisho wake wathibitisha maneno haya. Karibu na mwaka 665 wakubwa wa Wafaranki walimwua Sigobrand, askofu wa Paris, aliyekuwa upande wa malkia. Walimwua bila ridhaa yake, kisha wakaogopa kwamba atawalipiza kisasi. Basi wakamruhusu aende Chelles akakae na watawa, jambo ambalo mwenyewe alikuwa amelitamani zamani lakini walikuwa wakimzuia. Mamlaka yakabaki kwa Ebroin, aliyekuwa ameshika cheo cha Erchinoald baada ya kufa kwake, naye akatawala kwa mkono mgumu.

Huko Chelles Balthild hakutaka kuwa mkuu wa nyumba aliyoijenga. Mkuu alikuwa Bertila, na malkia akamtii kama watawa wengine walivyomtii. Inasimuliwa kwamba alifanya kazi za jikoni, akafagia, akasafisha hata vyoo. Alikufa karibu na mwaka 680, akiwa na umri wa miaka kama 50, na Kanisa Katoliki humkumbuka kila tarehe 30 Januari. Nguo yake ya kitani ingali imehifadhiwa Chelles hata leo. Mikufu iliyo shingoni mwake si ya dhahabu wala vito, bali imetariziwa kwa nyuzi za hariri.

Baada ya kufa kwake wako waliodai kwamba kumbe alikuwa wa ukoo wa kifalme tangu zamani. Twaifahamu desturi hiyo. Wakubwa wakiona kazi njema ya mtu wa chini, humtafutia babu mkubwa, ili isije ikaonekana kwamba mtumishi wa mezani aweza kutawala kama wao, au kuwapita.

Kwetu sisi habari ya Balthild ina mafunzo mawili, na yote mawili ni ya lazima. La kwanza, aliyeonja dhuluma aweza kuiona pale ambapo mwenye raha haioni, na kwa hiyo yampasa asisahau alikotoka siku akikalia kiti. La pili, wema wa mtu mmoja, hata akiwa malkia, hudumu kadiri ya siku zake tu, iwapo wanyonge wenyewe hawakujipanga kuushika na kuuendeleza. Balthild aliwafungulia wengi. Soko lenyewe lilimshinda, kwa kuwa soko haliwezi kuvunjwa na mkono mmoja.