Ignasi aliuchunguza moyo wake

Mnapokosana na mwenzako, je, unasema tu kwamba una hasira? Mtazame Mtakatifu Ignasi wa Loyola, aliyekuwa askari huko Hispania. Mwaka 1521, mjini Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu, akauguzwa nyumbani kwao kwa miezi mingi. Kitandani alipojiwazia sifa na ushujaa, alifurahi. Alipowaza maisha ya watakatifu, alifurahi vilevile. Lakini mawazo ya sifa yalipopita alibaki na moyo mkavu, usioridhika. Yale ya watakatifu yalimwachia amani. Akatambua kwamba furaha hazifanani. Tangu hapo alizoea kuuchunguza moyo wake na kuyaita yaliyomo kwa majina: hii ni faraja, huu ni ukiwa. Kitabu chake, Mazoezi ya Kiroho, kiliidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548. Ignasi alifariki Roma mwaka 1556.

Basi nawe, kabla ya kununa, jiulize: ni hasira kweli, au ni aibu, wivu, hofu, upweke? Mume akiambiwa kwamba mkewe amekasirika, hujitetea. Akiambiwa kwamba mkewe aliingiwa na hofu alipochelewa usiku, huketi akamsikiliza.