Adrian Atiman: Mtoto aliyeuzwa utumwani, akaja kuwa daktari wa Karema kwa miaka 67

Ukitaja jina Atiman kwa watu wa Katavi na Rukwa, wengi watakuelekeza kwenye hospitali ya Sumbawanga yenye jina hilo. Wachache wanajua kwamba mwenye jina aliwahi kuwa mtumwa, hakuzaliwa nchi hii, na kazi yake aliifanyia Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda mjini.

Adrian Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 huko Tindirma, kando ya Mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa akiwa bado mtoto mdogo, akauzwa, akavushwa Jangwa la Sahara. Watoto wengi hawakumaliza safari hiyo. Yeye alifika.

Mwaka 1876, huko Metlili nchini Algeria, alikutana na wamisionari wa White Fathers, na wao wakamnunua ili wamwache huru. Ndiyo, walitoa hela. Wakati ule ndivyo watoto wengi walivyokombolewa, na tuseme ukweli, njia hiyo ilikuwa na utata wake: mtoto alipata uhuru, lakini pesa iliingia mfukoni mwa yule yule mwuza watu. Kwa Atiman mwenyewe hesabu ilikuwa rahisi. Kama si wale mapadre, angeuzwa mbele zaidi.

Mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Charles Lavigerie, alikuwa na wazo ambalo kwa zama zake lilikuwa geni. Aliamini Afrika itahubiriwa na Waafrika wenyewe, tena si lazima wote wawe mapadre. Daktari, alifikiri, anafunguliwa mlango ambao mhubiri anafungiwa. Basi vijana waliokombolewa akawapeleka kisiwa cha Malta kusomea udaktari, wakafundishwa na ukatekista humo humo. Atiman alikuwa mmoja wao. Alibatizwa mwaka 1882.

Mwaka 1888 Lavigerie alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akipiga kelele dhidi ya biashara ya watumwa. Mwaka huo huo Atiman, kijana wa miaka 22 hivi, alishuka Zanzibar, akaanza safari ya miguu kwenda bara. Hebu fikiria: kijana aliyesukumwa jangwani kwa nguvu, sasa anatembea miezi kadhaa kwa hiari yake, akipita kwenye njia za misafara iliyokuwa imezoea kushusha pembe za ndovu na watumwa pwani.

Karema aliyoikuta mwanzoni mwa 1889 haikuwa kijiji cha kawaida. Wabelgiji walikuwa wamejenga ngome pale mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia White Fathers. Kuzunguka ngome hiyo walikusanyika watu waliokombolewa, yatima, na familia zilizokimbia wawinda watumwa. Watu wa makabila mbalimbali, wengi hawana ukoo karibu wala shamba la baba. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, Kapteni Leopold Joubert alikuwa akipambana na wafanyabiashara hao kwa bunduki. Karema yenyewe ilihitaji mtu wa kuuguza majeraha, na ikampata ambaye hakuhitaji kusimuliwa utumwa ni nini.

Pale ndipo alipobaki. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, na ndoa hiyo ikamfanya mgeni awe mkwe wa wenyeji. Hilo si jambo dogo. Mgonjwa wa kijijini anamwendea kwa urahisi zaidi mkwe wao kuliko mzungu wa misheni. Mtoto wao Joseph alipewa upadre mwaka 1923.

Kazi yake ilikuwa ile ambayo leo ingegawanywa kwa watu wanne au watano. Malaria, vidonda, homa za watoto, na wale waliojeruhiwa na wanyama. Ugonjwa wa malale uliposambaa mwambao wa ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, hospitali kubwa ya kumpeleka mgonjwa haikuwepo karibu. Alitumia dawa za Ulaya zilipofika, na zisipofika hakudharau miti ya porini. Hapo hapo ni katekista: akimaliza kufunga kidonda, anafundisha dini.

Wakati wote huo watawala walibadilika tu. Alifika kabla Wajerumani hawajajikita sawasawa upande ule, akawaona wakitawala, akaona Wabelgiji wakiichukua Karema katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha wakaja Waingereza. Mgonjwa wa malaria, bendera ipi inapepea juu ya ngome haikumhusu sana.

Wapo wanaohoji mradi ule wa Malta, na wana hoja. Vijana wale hawakuulizwa wanataka kuwa nani, na wengi wao hawakufika mbali kama wafadhili walivyotarajia. Chuo chenyewe hakikudumu. Lakini Atiman hakuwa kijana wa kutumwa milele. Angeweza kuondoka Karema, kama wengine walivyoondoka vituo vyao, hasa baada ya Lavigerie kufariki mwaka 1892. Hakuondoka.

Uzeeni alitunukiwa nishani kwa utumishi wake. Alifariki Karema mwaka 1956, umri ukiwa karibu miaka 90, miaka mitano kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Tindirma hakurudi tena kuishi.